Alama ya Saba

Bodi ya Kivuko cha Garsen ilikuwa na kanuni thelathini na moja, zimepigwa chapa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha ofisini, na ni moja tu kati ya hizo iliyomlaza mtu rumande asubuhi ile ya Jumatatu. Sajini Tuneya aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni mwa kituo cha polisi, kofia kwapani. Kanuni ya kumi na nne. Maji ya mto yakivuka alama ya saba, pantoni isiondoke; ikiondoka, lawama yote ni ya nahodha. Maji yasipovuka alama ya saba na waya ukaachia, lawama ni ya ukingo ambao waya wake umeachia. Basi, imekwisha. Watu wa ofisi wana kipaji cha kuandika mistari minne ikatosha kumfunga mtu miaka minne.

Nahodha mwenyewe alikuwa ndani, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Jairus Komora, mzee wa kanisa, mwenye mikono mipana na sauti ndogo, alikuwa amevusha watu pale miaka kumi na mmoja bila hata mbuzi kulowa miguu. Alhamisi iliyopita pantoni ilipofika katikati ya mto, waya wa kuvutia pantoni uliachia upande wa ng'ambo, pantoni ikapinda, na mmoja wa wavuta waya, kijana aitwaye Mahmud, akachukuliwa na maji. Maiti yake ilipatikana Jumamosi kwenye pindo la mto, chini ya mashamba. Sasa lori la polisi lilikuwa limepangwa kuondoka saa tisa alasiri kumpeleka Jairus Mombasa kwa shtaka la kuua bila kukusudia, na msimamizi wa Bodi, Mzungu mrefu aliyebabuka pua, alikuwa ameshatia sahihi yake. Kesi ikishafika Mombasa na sahihi ile, nani atapanda tena kuja Garsen kuuliza habari za matope?

Tuneya alikuwa ametumwa kutoka Malindi kukamilisha faili, wala si kulifungua. Lakini alikuwa na ubaya mmoja, hata wakubwa wake walilalamika: hakuweza kutia sahihi chini ya jambo ambalo hajaligusa kwa mkono.

Alimuuliza Jairus maji yalikuwa alama ya ngapi. Tano, akasema Jairus, na bendera ilikuwa nyeupe. Sajini akamkumbusha kwamba mtunza kipimo ameandikisha nane na bendera nyekundu. Jairus aliinua mabega.

"Bwana Sajini, mimi si kipofu. Na Mahmud alikuwa mbele yangu. Yeye ndiye aliyesema, 'Nahodha, nyeupe ile, twende.' Sasa nitamwita Mahmud aje kunishuhudia?"

Wavuta waya wawili waliobaki walisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Msimamizi wa Bodi alikuwa amelikataa neno lao kwa sababu, alivyoandika, mabaharia wa chombo kimoja husema uongo mmoja. Nje ya kituo Rosina, mke wa Jairus, alikuwa amekaa chini na sufuria ya wali aliokatazwa kuuingiza. Alimtazama Sajini akipita. Tuneya alimwamuru askari wa zamu aupokee ule wali, tena sasa hivi.

Ni lazima ieleweke kivuko kile kilitawaliwaje, maana bila hivyo hakuna kinachoeleweka. Mto Tana pale Garsen ulikuwa mpaka wa wilaya mbili, na mwaka ule wa 1957, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, mpaka wa wilaya ulilindwa kama mpaka wa nchi mbili: pasi za watu, karantini ya ng'ombe, geti, askari. Bodi iliundwa na wakubwa wa pande zote mbili, nao hawakuaminiana hata chembe. Kwa hiyo waligawana. Geti na pantoni wakapewa watu wa Garsen. Nguzo ya kipimo cha maji na bendera vikawekwa ng'ambo. Aliye na chombo asiwe na kipimo, na aliye na kipimo asiwe na chombo. Waya ulikuwa mmoja, lakini kila ukingo ulitunza ncha yake. Msimamizi aliupenda sana mpango huu na aliueleza kwa kila mgeni. Haukumpitia akilini kwamba ukimpa mtu mmoja kipimo peke yake, umempa pia ukweli peke yake.

Tuneya alianza na gogo. Lilikuwa bado limelala kwenye ukingo wa Garsen, lilivyovutwa na waya siku ile, gogo nene la mti mgumu lililokuwa limechimbiwa ng'ambo kushikilia ncha ya waya. Alipiga goti akalikagua. Waya haukukatwa popote. Gogo zima ndilo lililong'oka. Sehemu iliyokuwa ardhini ilijulikana wazi, kwa maana udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeganda hapo na kuacha mstari. Alitoa futi yake ya kukunja. Futi tatu na inchi moja.

Konstebo Kalla, askari Mworma wa kituo kile aliyepewa kumwongoza, aliangalia karatasi ya Bodi. Amri ilisema gogo lichimbiwe futi sita.

"Basi tumempata, Afande," alisema Kalla.

Tuneya akamwambia hawajampata mtu. Aisome tena kanuni. Maji yakiwa yamevuka alama ya saba, gogo lingekuwa futi tatu au futi thelathini, lawama ni ya nahodha, kwa nini aliondoka? Mlango wote ulifungwa na ile nguzo ya kipimo. Wakakodi mtumbwi wakavuka.

Ng'ambo walipokelewa na Uledi, mtunza kipimo, mtu mwembamba wa makamo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Aliwaletea viti. Akajibu kila swali kabla halijatua: Alhamisi alfajiri maji yalikuwa nane, akapandisha nyekundu, nahodha akapuuza. Ijumaa, Bodi ilipokuja kukagua, yalikuwa yamepungua yakawa saba na nusu, na Mzungu alisoma kwa macho yake. Leo yamerudi nane. Nguzo je, iliwahi kuguswa? Haijaguswa tangu Bodi ianze. Na gogo, nani alilichimbia? Vibarua wa ukingo wake, akasema, akatazama pembeni.

Tuneya aliandika yote, kisha akamuuliza kama alikuwa na kinyongo na Jairus.

"Kinyongo?" Uledi alicheka kicheko kikavu. "Mahmud alikuwa shemeji yangu, Bwana Sajini. Alimwoa dada yangu Mwanaarusi. Dada mwenyewe ndiye huyo mmoja niliyebaki naye. Nimemzika shemeji yangu juzi kwa mikono hii. Ningekuwa na la kuficha, ningelificha kwa faida ya nani?"

Ilikuwa hoja nzito, na Kalla alitikisa kichwa kwa huzuni. Ndugu wa marehemu ndiye shahidi anayeaminika kuliko wote, na mahakama yoyote ingemwamini.

Kulikuwa na mtu wa pili wa kuhojiwa ng'ambo, ambaye Bodi ilimshuku kidogo na kumfungia kwenye kibanda cha karantini kwa tahadhari. Huyu alikuwa Adano, mfugaji wa Kiorma, ambaye ng'ombe wake themanini walizuiwa kuvuka wiki tatu nzima. Jumanne, mbele ya watu, alikuwa ameapa kwamba mto utaichukua pantoni ile. Jumanne aape, Alhamisi mto uchukue mtu: nani asingemshuku? Adano alikuwa mzee wa mifupa mirefu, na alimtazama Sajini kwa dharau ya mtu aliyezoea kuhesabiwa makosa. Kalla alitaka kumtafsiria lakini akakataa, akasema atasema Kiswahili chake mwenyewe.

"Mimi nilisema, ndiyo. Nilisema kwa hasira. Lakini wewe fikiri. Ng'ombe yangu ikipona karantini, itavuka wapi? Hapo hapo. Mimi ivunje njia yangu ya nini?"

Tuneya akamuuliza Alhamisi asubuhi alikuwa wapi. Kwenye malka yake, alisema, mahali pa kunyweshea, mwendo wa saa moja juu ya kivuko, pamoja na watu sita. Kisha akaongeza jambo bila kuulizwa. Siku ile hata ndama walishuka wakanywa. Maji yakijaa pale, ukingo unakuwa mkali na ndama hawawezi kushuka. Leo hawawezi, wachungaji wake wamemletea habari. Alhamisi waliweza.

Sajini aliacha kuandika. Kama ndama walikunywa Alhamisi na leo hawawezi, basi maji yamepanda tangu Alhamisi. Na Uledi anasema Alhamisi nane, leo nane. Aliuliza mara mbili, Adano akajibu mara mbili vile vile, kisha akakasirika akaacha kujibu. Tuneya alijua neno lile litafika wapi Mombasa: neno la mtu aliyeapiza pantoni, tena aliye karantini, dhidi ya nguzo ya Bodi. Wangelicheka. Hata hivyo alimwamuru askari wa kibanda amwachie mzee aende kwa mifugo yake.

Akarudi kwenye nguzo. Ilikuwa mbao ndefu nyeupe iliyosimikwa ndani ya maji karibu na ukingo, imechorwa alama nyeusi kuanzia moja hadi kumi na mbili, kila alama imeachana na nyingine kwa shibiri moja. Maji yaligusa nane. Aliitazama kwa muda, kisha akatazama miti mitatu ya mkuyu iliyosimama hatua chache kutoka hapo, mizizi yake majini. Mafuriko ya mwezi wa kumi na moja yalikuwa yameacha mstari wa tope kavu kwenye magome yote matatu, kimo kimoja, sawa na kifua chake. Kwenye nguzo mstari ule ulikuwepo pia, rangi ya udongo juu ya nyeupe. Lakini ulikuwa tumboni.

Alivua viatu akaingia majini, akanyoosha kamba kutoka mstari wa mkuyu hadi kwenye nguzo, akapima. Shibiri mbili. Maji yakifurika hayamchagui mtu, yanapaka kila kitu kimo kile kile. Kama mstari wa nguzo uko chini ya mstari wa miti, basi baada ya mafuriko ama miti yote mitatu imerefuka shinani, ama nguzo imezama. Uledi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake akimtazama, mikono nyuma. Tuneya alivaa viatu vyake juu ya miguu yenye tope.

Kwenye mtumbwi Kalla alikuwa na furaha tele, na Sajini akamkata kilimi. Msimamizi atasema nguzo ilizama yenyewe polepole kwenye tope tangu mwezi wa kumi na moja, na Uledi alisoma alichokiona. Hiyo si hila, ni bahati mbaya, na Jairus anabaki ndani. Alichokitaka yeye ni kipimo kingine, kipimo cha Alhamisi ile ile, ambacho si cha Bodi na hakuna aliyekigusa. Kalla aliuliza ni nani mwingine anayepima mto. Tuneya alikiri hajui. Saa yake ilikuwa saa sita na robo.

Alikuwa bado hajaona mahali maiti ilipopatikana, na faili lilimtaka apaone, kwa hiyo wakashuka kwa miguu upande wa Garsen hadi kwenye pindo la mto, chini kidogo ya kivuko. Palikuwa na mashamba membamba yanayoshuka mpaka majini, mahindi yameshaanza kutoa ndevu, na chini yake mpunga. Kalla alionyesha mahali. Mahmud alikwama hapa, kwenye mizizi hii, na bahati ya ajabu, au mkosi, shamba hili la jirani ndilo shamba la mkewe.

Shamba lilikuwa limeanza kuota magugu. Watu wa mashamba ya pembeni walikuwa wakilima kwa bidii kuwahi maji, lakini hakuna aliyekanyaga pale, wala asingekanyaga. Shamba la mfiwa haliingiliwi mpaka mwenyewe aruhusu. Mwenyewe alikuwa ndani ya eda, haruhusiwi kutoka nyumbani miezi minne na siku kumi.

Tuneya alisimama ghafla. Pale shamba lilipoingia majini kulikuwa na safu ya vijiti vilivyochomekwa ardhini. Vyote vilikuwa ndani ya maji, vichwa tu vikionekana.

"Watoto wanacheza," alisema Kalla.

Kalla alikuwa mtoto wa wafugaji, tumsamehe. Tuneya alizaliwa upande wa juu wa mto, kwenye vijiji vya wakulima, na mama yake alichomeka vijiti vile kila mwaka. Mto ukianza kupanda, mwanamke huamka alfajiri, huenda shambani na kuchomeka kijiti pale hasa maji yalipoishia. Kesho yake cha pili. Akiona vijiti vinaachana parefu anajua mto una haraka, avune hata mahindi mabichi. Akiona vinakaribiana, analala. Hakuna mwanamke wa ukingo asiyejua hivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa na Bodi.

Aliingia majini mpaka kiunoni. Mtu akitaka kujua mto ulivyokuwa huanza na kijiti cha karibu na maji, yaani cha siku ya karibuni, lakini hapa hata cha karibuni kilikuwa kimeshamezwa pamoja na vingine vyote. Vilikuwa tisa kwa jumla, kila kimoja juu kidogo ya mwenziwe. Cha juu kuliko vyote, cha mwisho kuchomekwa, kilikuwa tofauti: vingine vilikuwa fito, hiki kilikuwa kipande cha mti laini kilichochongwa, kimevunjika upande mmoja. Tuneya alishusha mkono majini mpaka kwenye shina lake, akapima kutoka udongoni hadi juu ya maji. Shibiri moja kamili.

Alisimama mle majini akihesabu kwa sauti, na Kalla akamsikiliza. Uledi anasema Alhamisi nane na leo nane. Ikiwa ni kweli, kijiti cha Alhamisi kingekuwa leo kiko pale pale maji yanapoishia. Nacho kiko ndani, shibiri moja. Kwa hiyo Alhamisi maji yalikuwa alama moja chini ya leo: saba kwa nguzo hii, na saba haijavuka saba. Halafu toa zile mbili ambazo nguzo imezamishwa. Tano.

"Tano alisema mzee Jairus," alisema Kalla.

"Na Adano na ndama wake," alisema Tuneya. Hakuna aliyeamini walio hai, akaongeza moyoni, sasa tuone vijiti. Kilichobaki ni kimoja. Nani atakayeapa kwamba kile kijiti ni cha Alhamisi? Ni mtu mmoja tu.

Nyumba ya Mwanaarusi ilikuwa mwisho wa kijiji, na mlangoni palikuwa na doti ya kanga iliyoning'inizwa kuwa pazia. Mama yake mkubwa, Bi Halima, alikuwa amekaa kizingitini kama askari, na hakufurahi hata kidogo kuona viatu vya polisi. Tuneya alivivua mbali, akatoa salamu na pole, akaketi kwenye mkeka nje, mgongo ukielekea pazia nusu, kama heshima ilivyotaka. Bi Halima akamwambia aseme upesi, mfiwa amechoka na watu.

Sauti iliyotoka ndani ilikuwa changa na kali. Mwanaarusi alisema kama amekuja kuhusu Jairus, hana la kumwambia. Aende Mombasa, akae huko, aoze huko. Bendera ilikuwa nyekundu naye akamtia mume wake mtoni.

Tuneya alimwacha amalize. Kisha akamuuliza habari za vijiti.

Alipojibu, ukali ulikuwa umepungua. Alianza kuvichomeka Jumatano ya wiki ile nyingine, siku maji yalipobadilika rangi. Kimoja kila alfajiri. Sajini alihesabu kwa vidole: Jumatano hadi Alhamisi ya wiki ya pili, siku tisa, vijiti tisa.

"Na cha mwisho, dada yangu? Unakikumbuka?"

"Cha mwisho hakukichomeka mtu mwingine ila Mahmud," alisema Mwanaarusi. "Siku ile aliniambia nilale, mgongo ulikuwa unaniuma. Akapita shambani akienda kazini. Akatumia kipande cha kasia lake lililovunjika. Jirani alikuja kuniambia, mumeo kapanda kasia, anatarajia kuvuna makasia mengine. Tulicheka." Sauti ikakatika, kisha ikarudi. "Kwa nini unauliza kijiti?"

Hapa Tuneya angeweza kufanya kazi yake kwa njia rahisi. Maelezo yalikuwa yametimia. Alichohitaji ni dole gumba lake kwenye karatasi, na mjane asiyejua kusoma asingejua lile dole limemfungulia nani na kumfungia nani mpaka siku ya mahakama. Saa yake ilikuwa saa nane na dakika kumi. Alikunja karatasi kwanza.

Akamweleza yote kwa polepole, gogo, mkuyu, nguzo, shibiri. Kwamba mto ulikuwa tano na bendera nyeupe. Kwamba Jairus hakukosa. Kwamba gogo lilichimbiwa futi tatu badala ya sita, na mtu fulani alikwenda baadaye akaizamisha nguzo ili maji yaonekane mengi.

"Nguzo ile inashikwa na nani?" aliuliza Mwanaarusi, ingawa alijua. Kijiji kizima kilijua.

"Inashikwa na kaka yako, Uledi," alisema Sajini.

Bi Halima alisimama. Hakupiga kelele, aliinama mlangoni akazungumza na pazia kwa sauti ya chini, Sajini akisikia kila neno na bila shaka alikusudiwa asikie. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, alisema. Mume umekwisha mpoteza. Baba yako hayupo, mama yako hayupo, umebakiwa na mwanamume mmoja tu wa kukusimamia duniani. Yule Mkristo si wa kwenu, hakukulisha, hatakulisha. Ukiwa mgonjwa, ni nani atakubeba? Sema umesahau. Mjane anaruhusiwa kusahau.

Tuneya alijua kwamba Bi Halima hakusema uongo hata mmoja. Alitazama mikono yake iliyokauka tope na akangoja, na dakika zilipita, nyingi kuliko alizokuwa nazo.

"Jairus ana mke," alisema Mwanaarusi mwishowe.

"Anaye. Rosina. Amekaa nje ya kituo tangu Ijumaa."

Mkono ulitoka chini ya pazia, kiganja juu, hina ya harusi ikiwa imebaki kidogo tu kwenye kucha. Sajini alifungua kidau cha wino. Akamsomea maelezo neno kwa neno, na mkono ukangoja hapo hapo, kisha ukaweka dole. Alimwagiza Kalla apige mbio kituoni, alizuie lori, Jairus afunguliwe kwa sahihi yake yeye Tuneya, na Mzungu wa Bodi akitaka kufoka asubiri afoke mbele yake. Kalla akaondoka, bunduki ikimgonga mgongoni.

Hakuhitaji kumtafuta Uledi. Bi Halima alisema kwa uchungu kwamba huja kila siku saa hizi, tangu mazishi, kuleta kitoweo. Na kweli hawakukaa sana wakamwona akija kwa njia ya mtoni, kikapu cha samaki mkononi, shati limefungwa mpaka shingoni. Aliwaona, akapunguza mwendo, lakini hakugeuka. Aliona wino, akaona karatasi, akaona alama ya zambarau chini yake. Akaketi chini mchangani, kikapu magotini.

Sajini alianza kumsomea haki zake. Uledi alimpungia mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaanza kusema mwenyewe, akilielekea pazia. Alisema vibarua wake wote walikuwa wamekwenda kupanda mpunga, maji yalikuwa yanakuja, na Bodi ilitaka gogo lisimame kabla ya Jumatano. Alichimba peke yake. Alipofika futi tatu alikuta maji yanachemka shimoni, akasema hii itatosha, nitaongeza maji yakitulia. Hakuongeza.

"Na nguzo?" Aliyeuliza alikuwa Mwanaarusi.

"Niliizamisha usiku ule ule. Niliitikisa mpaka ikashuka."

"Kwa kuogopa jela?"

Uledi alifungua kifungo cha shingo, kwa mara ya kwanza. "Jela ningekwenda. Nilitoka nyumbani nije nikwambie, wallahi. Nikafika katikati ya mto, nikawaza, nitasimama pale mlangoni niseme nini? Kwamba ni mimi niliyemuua? Jairus si ndugu yetu. Nilifikiri utamchukia yeye, halafu utapoa. Ukinichukia mimi, utapoa lini?"

Bi Halima alikuwa ameficha uso kwenye mtandio wake. Tuneya alimwambia Uledi, bila ukali, kwamba lori lipo pale pale na litakwenda Mombasa kama lilivyopangwa. Uledi akaweka kikapu chini, akasimama, akanyoosha mikono mbele mwenyewe kabla hajaombwa.

"Mama mkubwa," ilisema sauti nyuma ya pazia, "mpakulie. Ni mbali, asisafiri na njaa."

Bi Halima aliingia ndani akatoka na wali kwenye sahani ya bati. Tuneya aliweka pingu mfukoni. Uledi alikula hapo mchangani, tonge kubwa kubwa, na aliponyanyua sahani kushukuru alikuta pazia limetulia tu. Walikuwa wameshafika njia ya kituo, Sajini nyuma na Uledi mbele, lori lilipopiga honi. Ndipo kilio kikapanda kutoka nyumba ile ya mwisho wa kijiji, kilio cha mwanamke aliyejizuia siku nne, na Tuneya hakuweza kujua kati ya mumewe na kaka yake alikuwa akimlilia yupi.